Hatuna bahari, ila moshi wa meli tunao

Watu wa hapa Kampala ukiwagusia habari ya meli kuchafua bahari wanakuangalia kwanza, alafu wanakuuliza, wewe bahari yako iko wapi? Na kweli, maji ya chumvi ya karibu kwetu ni Mombasa, karibu kilomita 1,200 kwa barabara, kuna watu wazima mtaani kwangu hawajawahi kuyaona na wala hawayatafuti. Mimi kazi yangu ni kuklia mizigo, yani kuitoa forodhani, kutwa nzima nashinda na makaratasi ya meli, BL (hati ya mzigo) hii hapa, manifesti (orodha ya mizigo) ile pale, meli imechelewa, meli imefika lakini iko nje inangoja gati, kwa hiyo labda ndo maana miguu iko Nakawa hapa Kampala na kichwa kiko baharini. Lakini hebu jiangalie bana. Simu uliyoshika, sufuria, tairi ya bodaboda iliyokuleta, ngano ya chapati ya hiyo rolex unayokula. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi duniani zinapita kwenye meli, na sisi tusio na pwani tunazitegemea kama wenye pwani tu, tofauti ni kwamba hatuzioni zikifanya uchafu wake.

Nianze kwa kuitetea meli, maana watu wengi wakianza hii mada wanaitukana tu. Kwa kila tani moja kwa kila kilomita moja, hakuna chombo kinachobeba mzigo kwa moshi mdogo kama meli kubwa, lori linaizidi mara kadhaa, na ndege hata tusiitaje. Kutoka Shanghai mpaka Mombasa ni kilomita 11,000 na kitu. Mombasa mpaka Kampala ni sehemu ya kumi tu ya hapo. Sasa piga hesabu ya dizeli ya hiyo sehemu ya kumi, lori linapanda Mazeras, linapanda Mau Summit, linafika Malaba mpakani linaingia foleni na injini iko on usiku kucha kwa sababu dereva anasogea mita tano tano, alafu linashusha kontena hapa na mara nyingi kontena lenyewe linarudi tupu maana sisi tunaingiza mizigo mingi kuliko tunayotoa. Ukijumlisha vizuri utakuta hicho kipande cha barabara kinaikaribia safari nzima ya baharini kwa moshi. Ndo maana mimi nikisikia SGR, ile reli mpya ya umeme ya Malaba mpaka Kampala, ule mkataba uliosainiwa Oktoba 2024, kilomita 272, nafurahi kuliko wanaofurahia kwa ajili ya kusafiri.

Kwa hiyo shida ya meli sio kwamba ni chombo kibaya. Shida ni inachokunywa, na nani anaandika hesabu.

Tuanze na inachokunywa. Nina shemeji yangu wa Likoni, alifanya kazi ya oila kwenye meli za mizigo miaka mingi, yani yule mtu wa chini kabisa kwenye chumba cha injini anayepaka grisi na kusafisha vichujio. Siku moja tulikuwa tumekaa nikamuuliza meli inatumia dizeli kiasi gani, akanicheka. "Dizeli gani shemeji? Yale ukiyamwaga chini yakipoa unayakanyaga kama lami." Akanielezea kwamba yale mafuta mazito ni masazo, ni kile kinachobaki chini kiwandani baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa, kwa baridi hayasogei kwenye bomba hata ukiyabembeleza, lazima matangi yapitishiwe mvuke yapate moto kwanza, alafu yaingie kwenye mashine ya kuyachuja kwa kuyazungusha, uchafu mweusi unatolewa pembeni, ndo yaende kwenye injini. Anasema mikono ilikuwa inanuka mpaka akienda likizo, dada yangu anajua. Na ule uchafu uliochujwa unatakiwa uchomwe melini kwenye tanuru lake au ushushwe bandarini na ulipiwe, sasa kulipia ndo penye mtihani, kuna mainjinia wanaunga bomba la pembeni usiku wanautoa baharini moja kwa moja. Wenyewe mabaharia wanaliita bomba la uchawi. Sio hadithi ya vijiweni hiyo, kampuni ya meli za watalii ya Princess Cruises ilikiri makosa Marekani mwaka 2016 na ikakubali faini ya dola milioni 40 kwa mchezo huo huo.

Mafuta hayo yalikuwa na salfa mpaka asilimia 3.5, hiyo ndo ilikuwa ruhusa. Dizeli ya magari kwenye nchi zenye masharti makali inahesabiwa kwa sehemu 10 kwa milioni, sasa wewe linganisha mwenyewe. Moshi wake ulikuwa unaua watu wa miji ya bandari kwa mapafu na moyo, taratibu, bila mtu kumlaumu nahodha. Tarehe 1 Januari 2020 IMO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli liko London, wakashusha kiwango mpaka asilimia 0.5. Hilo naliheshimu, ni moja ya sheria chache za mazingira zilizofanya kazi usiku mmoja dunia nzima. Lakini wenye meli nao ni wajanja, sheria iliwaachia mlango, ukitaka endelea na mafuta yako mazito ila ufunge mtambo wa kuosha moshi, skraba wanaiita. Wengi wakafunga ile ya aina ya wazi, inavuta maji ya bahari, inaosha moshi, alafu maji yenye asidi na metali yanarudi wapi? Baharini. Yani tumetoa uchafu hewani tukauweka kwa samaki, na sheria inasema sawa! Bandari kadhaa zimepiga marufuku kuutoa ndani ya maji yao, lakini bahari ya katikati ni pana na haina askari.

(Kuna na kichekesho cha wanasayansi hapa, ile salfa ilikuwa inafanya mawingu ya baharini yawe meupe zaidi na kurudisha jua juu, kwa hiyo tulipoisafisha joto lililokuwa limefichwa likaanza kuonekana. Wanabishana ni kiasi gani. Haimaanishi turudishe salfa, tafadhali.)

Sasa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na moshi wa meli ulikuwa hivo hivo. Mwaka 1997 kule Kyoto nchi zilipokuwa zinagawana nani apunguze hewa ukaa kiasi gani, meli za kimataifa ziliwekwa pembeni, wakasema hizo washughulikie IMO. Na ukiangalia sio rahisi kweli, meli ya Mgiriki, bendera ya Liberia, mabaharia Wafilipino, imejaza mafuta Singapore, imebeba vigae vya Mchina kumpelekea mfanyabiashara wa Kikuubo, soko letu la jumla hapa Kampala, moshi umetoka katikati ya Bahari ya Hindi, uandikwe kwa nani? Mkataba wa Paris wa 2015 nao haukuwataja kwa jina. Wakati huo utafiti wa IMO wenyewe unaonyesha mwaka 2018 meli zote zilitoa tani milioni 1,056 za hewa ukaa, hiyo ni asilimia 2.89 ya hewa ukaa yote inayotoka kwa binadamu. Ingekuwa ni nchi ingeizidi Ujerumani.

Ulaya walichoka kungoja. Tangu Januari 2024 meli inayoingia au kutoka bandari zao inalipia hewa ukaa yake, na kwa safari inayotoka nje ya Ulaya wanahesabu nusu. Hapa ndo jambo lilipoingia Kampala, maana kahawa yetu nyingi inaenda Ulaya, na wasafirishaji walianza kuona kwenye invoisi ya meli kamstari kapya ka tozo ya kaboni. Jamaa mmoja anayetuma kahawa alinipigia simu amekasirika anadhani nimemuongezea mimi. Nikamuelezea mzee hiyo inaenda Ulaya. Akaniuliza, sasa mkulima wa Masaka anapata nini kwenye hiyo hela? Nilikosa la kumjibu na mpaka leo sina. Mchafuzi kulipa ni haki, sikatai, lakini hela ya moshi uliotokea njiani kati ya Mombasa na Antwerp inabaki kwao yote, na sisi tunaokaa na mafuriko na ukame tunabaki na invoisi.

Ndo maana mpango wa IMO ulikuwa muhimu. Mwaka 2023 walikubaliana kufikia sifuri karibu na mwaka 2050, alafu Aprili 2025 wakapitisha rasimu ya kuzilipisha meli zinazozidisha moshi, hela iende kwenye mfuko mmoja, sehemu yake isaidie nchi maskini. Ilibaki kupitishwa rasmi Oktoba 2025. Marekani wakapinga kwa nguvu na vitisho juu, Saudia wakaleta hoja ya kuahirisha mwaka mmoja, kura zikapigwa 57 kwa 49, ikaahirishwa. Hapa kwetu siku ile redio zilikuwa zinaongelea kampeni. Sijasikia hata mtu mmoja akiuliza Uganda tulikuwa upande gani.

Mambo ya bendera nayo ngoja niyaseme vizuri kwa sababu ndo mzizi wa fitina. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall ndo bendera zinazoongoza duniani ukihesabu kwa tani za meli, na sio kwamba Waliberia ni mabilionea wa meli, hapana, mwenye meli anaenda kusajili pale ambapo kodi ni nyepesi na maswali machache. Kila kitu kiko sawa mpaka siku ya ajali. Chukua meli ya Wakashio. Tarehe 25 Julai 2020 ilipanda kwenye matumbawe ya kisiwa cha Morisi (Mauritius), mwenye meli Mjapani, bendera ya Panama, aliyeikodi ni kampuni nyingine ya Japani, haikuwa hata inaenda Morisi, ilikuwa inapita tu kwenda Brazil bila mzigo. Uchunguzi wa Wajapani ukasema meli ilisogezwa karibu na pwani ili watu wapate netiweki ya simu. Netiweki! Kama tani 1,000 za mafuta zikamwagika kwenye maji ambayo wale watu wanavulia samaki na kuleta watalii, na hayo ni yale mafuta mapya ya salfa kidogo, sheria ya 2020 haikuwa na msaada hapo. Wananchi hawakungoja mtu, walishona magunia marefu wakayajaza majani makavu ya miwa, wengine wakakata nywele zao zitumike kunyonya mafuta. Hiyo picha ya watu weusi wamepakaa mafuta mpaka kiunoni wanavuta magunia ya miwa, mimi haijanitoka.

Mwaka uliofuata Sri Lanka wakapata yao. X-Press Pearl, meli mpya kabisa ya kontena, kontena moja la asidi ya naitriki lilikuwa linavuja, wakaomba kulishusha Qatar wakakataliwa, wakaomba India wakakataliwa, ikaendelea nalo hivo hivo mpaka ikashika moto nje ya Colombo Mei 2021. Kilichoharibu zaidi ni punje za plastiki, zile nyeupe ndogo kama dengu ambazo viwanda vinaziyeyusha kutengeneza jagi na ndoo, tani kama 1,680 zilikuwemo, fukwe zikawa nyeupe, kasa wakafa. Julai 2025 mahakama kuu kabisa ya huko ikaamuru walipwe dola bilioni moja. Punje za aina hiyo hiyo zinakuja mpaka Namanve na Jinja kwa ajili ya viwanda vyetu, kwenye magunia ya kilo 25, na mimi nimeshuhudia gunia likipasuka wakati wa kushusha, punje zikatawanyika chini na kijana akazifagia mpaka kwenye mtaro. Mtaro wa Kampala unaenda ziwani. Nilimwambia, dogo, kusanya hizo. Akakusanya alizoziona, akaniangalia vile mtu anamwangalia mzee mwenye maneno mengi.

Tukishafika ziwani, hebu tuongee magugu maji. Hilo ni somo ambalo Mganda hahitaji profesa. Mmea umetoka Amerika ya Kusini, watu waliupenda kwa maua yake, ukaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80, inaaminika kwa mto Kagera, na katikati ya miaka ya 90 bandari yetu ya Port Bell ilizibwa mpaka meli hazipiti, wavuvi hawatoki, ikabidi waletwe wadudu wadogo aina ya fukusi wa kuula. Huo ni mmea uliokuja kwa njia zake. Meli zenyewe zinabeba wageni wa aina hiyo kila siku na hakuna anayewaona. Meli isipokuwa na mzigo lazima ijaze maji tumboni ili isiyumbe, inayavuta bandari moja inakwenda kuyamwaga bandari nyingine, na ndani yake kuna mayai ya samaki, mwani, kome wachanga, vimelea. Kome wa milia wa kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi waligunduliwa kwenye maziwa makubwa ya Marekani na Kanada mwaka 1988, na yale ni maji baridi kama yetu, wakaziba mabomba ya miji na mitambo ya umeme mpaka leo wanapambana nao. Mkataba wa hayo maji ulitengenezwa 2004, ukaanza kutumika 2017, miaka 13 ya kungoja sahihi banange, na tangu Septemba 2024 meli zinazohusika zinatakiwa ziwe na mtambo wa kuyasafisha kabla ya kuyamwaga. Kwenye ziwa letu tunazidi kuongeza vyombo, lile tanka la mafuta la Kabaka Mutebi II linabeba lita milioni 4 na zaidi kutoka Kisumu kuja upande wa Entebbe. Ni kweli linapunguza malori barabarani, hilo nimeshasema nalipenda. Lakini watu wa Port Bell wanakumbuka Mei 2005 meli ya Kabalega ilivyogongana na meli ya Kaawa, Kabalega ikazama. Ikitokea hivo na lita milioni 4, Kampala inakunywa maji ya ziwa hilo hilo.

Kontena lenyewe nalo lina siri zake. Likifunguliwa hapa yadi kinachokupokea ni harufu ya dawa ya kufukizia wadudu, kali, inawasha macho, ndo maana tunaacha milango wazi kwanza kabla ya vijana kuingia, alafu darini unakuta matone ya jasho la safari na maboksi ya juu yamelowa. Ukishatoa mzigo wote angalia chini. Hiyo sakafu ni plaiwudi, na kwa miaka mingi imetengenezwa kwa mbao ngumu za misitu ya Asia ya kusini mashariki. Makontena mamilioni yanazunguka dunia na vipande vya misitu chini yake, na hakuna anayekanyaga akawaza.

Wateja wangu wana haraka, hiyo ndo kazi kubwa kuliko zote. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, nguvu inayotakiwa inashuka zaidi ya robo, na kwa safari nzima mafuta yanapungua kama sehemu moja ya tano, hakuna teknolojia ya bei rahisi kama hiyo, ni kukanyaga taratibu basi. Zamani watu wa pwani walisubiri kaskazi iwalete na kusi iwarudishe, sasa hivi kampuni zinafunga tena matanga ya chuma, ile Pyxis Ocean ilianza 2023 na matanga mawili marefu kama jengo la ghorofa kumi. Lakini mteja wa Kikuubo anakupigia asubuhi na jioni, meli imefika wapi? Na tangu Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, waanze kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, mizigo ya Uingereza na Uturuki ikaanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, njia ndefu, mafuta mengi, na baadhi wanaongeza mwendo kufidia siku, moshi juu ya moshi. Mimi nachoweza kufanya ofisini ni kidogo, nawashawishi wenye mizigo midogo wachangie kontena moja badala ya kila mtu kuleta lake nusu tupu, na anayetaka kuleta vitu kwa ndege eti kwa sababu alisahau kuagiza mapema namuonyesha bei kwanza, hiyo peke yake inamtuliza.

Magari ya Japani nayaruka, nayo yana mambo yake, mwaka 2018 yaliyozidi miaka 15 yalipigwa marufuku kuingia, ila meli nazo zinazeeka na mwisho wake ni fukwe za Alang huko India na Chattogram Bangladesh, vijana wanazikata kwa gesi kwenye tope, asbestosi na mafuta vinabaki hapo hapo. Mkataba wa kulisafisha hilo umeanza kazi Juni 2025, baada ya kusainiwa 2009.

Kinachoniwasha kwa sasa ni Tanga, pwani ya Tanzania. Bomba la mafuta ghafi la EACOP linatoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda. Huku kwetu mabishano yote yamekuwa ya hifadhi ya wanyama ya Murchison Falls, fidia za mashamba, ajira, na ni mambo ya haki kabisa kubishania. Lakini bomba likifika Chongoleani mafuta hayaishii hapo, yanapakiwa kwenye matanka, na pwani hiyo hiyo ya Tanga kuna hifadhi ya silikanti, yule samaki ambaye dunia ilidhani alishakufa zamani za dinosaria. Kuanzia hapo Uganda sio tena nchi inayopokea tu mizigo ya meli za watu, ni mwenye mzigo. Kwa hiyo nauliza mapema, kabla hakujamwagika kitu: matanka yatakayobeba mafuta ya Hoima yatapeperusha bendera ya wapi, bima yake iko kwa nani, na likikwama kwenye matumbawe kwa sababu mtu alikuwa anatafuta netiweki, nani anashika simu saa nane usiku, ni Dodoma, Entebbe au ni ofisi ya wakili huko Panama?